Skana vijiti vimejaa, lakini sauti inakatika kama mtu anazama majini. Shida ni nini hasa?

#1 Masikio_Marefu

Wakuu, habari za jioni.

Nina skana (redio ya kusikilizia mawasiliano) ya mkononi ya kidijitali inayofuata mifumo ya tranki, ile ambayo makundi mengi yanagawana chaneli chache. Ni kizazi cha kabla ya hizi za SDR, redio zinazochakata mawimbi kwa programu. Mfumo ninaousikiliza ni P25 (redio za kidijitali za polisi, zimamoto na wenzao), masafa ya MHz 800, chaneli ya udhibiti, ile inayoiambia skana sauti iko masafa gani, iko 851 na ushee. Mnara wa karibu uko kama kilomita nne kutoka kwangu. Nikisimama kwenye ngazi nauona, taa yake nyekundu inanikonyeza usiku kucha.

Sasa sikilizeni shida. Vijiti vya nguvu ya mawimbi vimejaa vyote vitano. Chaneli ya udhibiti inakamatwa. Kundi la mazungumzo linatokea kwa jina lake. Mtu akifungua mdomo tu: "gari namba... krrr... elekea... blob blob..." kimya. Sekunde mbili baadaye skana inaendelea kuzunguka kama haijafanya kosa lolote.

Asubuhi huwa nafuu, usiku ni balaa. Na cha ajabu, nikienda nayo kazini, ambako ni mbali zaidi na mnara huo huo, inasikika kama mtu yuko chumbani.

Nimetoa antena ya mpira iliyokuja nayo, nikaweka ile ya kuvuta, nikaivuta hadi mwisho: ikazidi kuharibika. Nikaweka busta (kikuza mawimbi) katikati: kimya kabisa. Nakosea wapi?

---

#2 ngojanione

Nimeweka kiti hapa. Waje wataalamu.

---

#3 Fundi_Risasi

Mkuu anza na hiyo antena ya kuvuta. Watu wanadhani ndefu ndiyo bora. Kwa 850 MHz robo ya wimbi ni sentimita 8.8, yaani kidole na kitu. Ukiivuta yote unaitengenezea masafa ya chini ya VHF, kule juu inakuwa fimbo tu. Irudishe ndani hadi sentimita tisa hivi, isimamishe wima, kisha ujaribu tena.

Halafu useme: unatumia waya wowote kati ya antena na skana? Wa aina gani na una urefu gani? Wengi hulia na skana wakati mchawi ni waya.

---

#4 Binti_Mawimbi

Mleta mada, hapo kwenye "kazini ni mbali zaidi lakini safi" ndipo umeshajijibu mwenyewe.

Huo mfumo karibu hakika ni simalkasti. Minara kadhaa inarusha kitu kile kile, kwenye masafa yale yale, kwa wakati mmoja. Redio za watumiaji wenyewe zimetengenezwa kulivumilia jambo hilo. Skana yako siyo. Ukiwa mahali ambapo mnara mmoja unatawala, unasikia safi. Ukiwa mahali ambapo miwili au mitatu inafika kwa nguvu zinazolingana, mawimbi yanakanyagana: moja limechelewa kidogo, jingine limewahi, na skana haijui imsikilize nani.

Vijiti vinapima nguvu, havipimi usafi. Watu kumi wakikupigia kelele sikioni nguvu ipo, maneno hakuna.

---

#5 Mzee_Skwelchi

Dada Binti, naheshimu, lakini tusikimbilie simalkasti kila mtu akikohoa. Siku hizi imekuwa kama malaria ya zamani: homa yoyote ni hiyo hiyo.

Soma tena alichoandika. Kaweka busta, ikawa KIMYA KABISA. Antena kubwa zaidi, ikawa mbaya zaidi. Hiyo ni skana iliyoshiba hadi kutapika. Kilomita nne na mnara unauona kwa macho? Na kwenye mnara huo huo nina hakika kuna antena za simu. Kwa nchi zinazofuata mpango wa masafa wa Amerika, mfumo wa redio unaishia 869 MHz na minara ya simu inaanza kurusha hapo hapo 869. Hakuna hata ukuta kati yao. Sehemu ya mbele ya skana ya mkononi iko wazi kama mlango wa stendi, kila kitu kinaingia.

Jaribio la dakika moja: washa kipunguza mawimbi kilichomo ndani ya skana, kile cha ATT. Ikiwa sauti inakuwa bora, mgonjwa tumemjua.

---

#6 Masikio_Marefu

Asanteni sana. @Fundi_Risasi waya hakuna, antena iko juu ya skana moja kwa moja. Nimeifupisha hadi sentimita tisa, imekuwa nafuu kidogo, lakini siyo ya kusifia.

@Mzee_Skwelchi nimewasha ATT. Vijiti vimeshuka hadi vitatu na SAUTI IMEKUWA BORA. Siyo kamili, ila naelewa sentensi nzima sasa. Mzee, kwa hiyo umeshinda?

---

#7 Mzee_Skwelchi

Mimi sisemi kitu. Matokeo yamejisemea.

---

#8 Binti_Mawimbi

Usishangilie bado, mzee wangu. ATT husaidia hata kwenye simalkasti. Mnara wa pili ulikuwa unafika kwa nguvu ya kutosha kuvuruga. Ukishusha vyote, ule dhaifu unazama chini ya kelele, unabaki mmoja. Mimi mwenyewe nilisikiliza mwaka mzima nikiwa na kipande cha waya wa kubania karatasi badala ya antena. Sitanii. Kilishinda antena zote nilizonazo.

---

#9 DesiBeli

Samahani, hapo nina neno. Kipunguza mawimbi kinashusha vyote kwa kiasi kile kile. Mnara A ukiwa juu ya mnara B kwa desibeli 3, baada ya kupunguza 20 bado uko juu kwa 3. Uwiano haujabadilika hata chembe, na simalkasti ni ugonjwa wa uwiano na wa muda, siyo wa nguvu. Ili B izame chini ya kelele, A nayo itakuwa imebakiza desibeli tatu tu kabla ya kuzama. Hapo hakuna cha kusikiliza.

Uzidifu, yaani skana kushiba mawimbi kupita kiasi kama alivyosema mzee, ni tofauti. Mawimbi bandia ya daraja la tatu, yanayozaliwa ndani ya skana yenyewe, hushuka desibeli 3 kwa kila desibeli 1 unayopunguza. Ondoa 10, uchafu unashuka 30. Ndiyo maana ATT ni kipimo kizuri cha uzidifu.

---

#10 Binti_Mawimbi

Kwenye karatasi uko sahihi kabisa. Kwenye paa langu mambo yalikuwa mengine. Uwiano siyo lazima uwe 3. Ukiwa 12, bado B inaweza kuchafua biti hapa na pale kwenye skana yenye dekoda dhaifu, na hapo kupunguza kuna maana.

Na kile kipande cha waya hakikupunguza tu, kilibadilisha pia antena inaangalia wapi. Labda ndicho kilichosaidia.

---

#11 DesiBeli

Sentensi yako ya mwisho naikubali. Ya kwanza tunaiweka kiporo.

---

#12 kimya_kimya

Swali la mjinga. Mnasema wimbi moja linachelewa. Mawimbi ya redio yanakwenda kasi ya mwanga. Yatachelewa nini kwa kilomita kumi? Si yanafika papo hapo tu?

---

#13 DesiBeli

Siyo swali la kijinga. Wimbi linakwenda mita 300 kwa kila maikrosekunde moja. Kilomita 10 za tofauti ni maikrosekunde 33. Unaona ndogo? P25 awamu ya kwanza inatuma alama 4800 kwa sekunde, kila alama inaishi maikrosekunde 208 tu. Kwa hiyo wimbi la pili limechelewa karibu sehemu moja ya sita ya alama. Kilomita 20 ni theluthi. Skana inapotaka kuamua alama hii ni ipi kati ya nne zinazowezekana, sehemu ya ushahidi ni wa alama iliyopita.

Awamu ya pili ni mbaya zaidi: alama 6000 kwa sekunde, maikrosekunde 167 kila moja, nafasi imepungua.

---

#14 kimya_kimya

Nimeelewa. Nilifeli fizikia kwa sababu hukuwa mwalimu wangu.

---

#15 Sauti_ya_Pipa

Mimi nina kisa tofauti kabisa. Nilikuwa na dalili hizo hizo, usiku mbaya, asubuhi nafuu. Nilihangaika wiki tatu. Nikanunua antena ya diskoni, nikapanda paani, shemeji yenu akanifungia ngazi nikabaki juu hadi nilipoahidi kutopanda tena. Diskoni yenyewe ikaongeza balaa, maana haina faida yoyote ya mwelekeo na inameza kila masafa bila kuchagua.

Mwisho nikagundua usiku mimi huchomeka skana kwenye chaja. Asubuhi naondoka nayo na betri. Chaja ndiyo ilikuwa inamwaga kelele. Nikichomoa: safi. Nikichomeka: blob blob.

Mleta mada, je, usiku unasikiliza ukiwa umechomeka? Na taa gani inawaka juu ya kichwa chako?

---

#16 Masikio_Marefu

@Sauti_ya_Pipa sasa umenichanganya. NDIYO, usiku huwa imechomekwa kwenye chaja ya USB, ile ile ya simu. Na kazini huwa natumia betri.

---

#17 Fundi_Risasi

Hahaha. Wagonjwa watatu ndani ya mwili mmoja.

---

#18 Mzee_Skwelchi

Kelele ya chaja kwenye 850 MHz? Kwenye masafa ya chini naelewa, kule zinavuma kama nyuki. Juu huko mara nyingi zimeshachoka. Sikatai, ila nataka nione.

---

#19 Sauti_ya_Pipa

Mzee, mimi sikupima kwa kitabu, nilipima kwa kuchomoa. Waya wa USB wenyewe unageuka sehemu ya antena, unakokota uchafu wa kompyuta na chaja hadi ndani ya skana. Kama ana vile vipete vyeusi vya feraiti, avibane kwenye waya karibu kabisa na skana, halafu arudi kutuambia.

---

#20 mtaalamu_wa_jana

Wakuu naingia kwa kuchelewa. Mimi natumia waya wa televisheni, RG-6, mita 15 hadi paani. Niliambiwa nitupe kwa sababu ni omu 75 na skana ni omu 50, napoteza nusu ya mawimbi. Ni kweli?

---

#21 Fundi_Risasi

Aliyekuambia alikuwa anauza waya. Tofauti ya 75 na 50 inakupa SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi nyuma) ya 1.5, yaani asilimia 4 tu ya nguvu inarudi nyuma, kama desibeli 0.18. Sikio halioni.

Kinachoua ni upotevu wa waya wenyewe. Kwenye masafa haya RG-58, ile nyembamba nyeusi ambayo kila mtu anayo, inakula karibu desibeli 5 kila mita 10. RG-6 inakula kama 2. LMR-400 ni kama 1.3. Kwa hiyo huyo "sahihi wa omu 50" angekupotezea zaidi ya mara mbili ya huyo "asiyefaa". Baki na wako. Kagua viungo tu, maji yakishaingia kwenye koaksi hakuna dawa, ni kukata na kutupa.

---

#22 mtaalamu_wa_jana

Umeniokoa. Nilikuwa nimeshaufungasha.

---

#23 Kinasa_Kimoja

Nyote mnazungumzia mawimbi, hakuna aliyeuliza programu yake imeandikwaje.

Mleta mada, umeingiza chaneli ngapi za udhibiti? Mifumo mingi ya P25 ina chaneli kuu moja na mbadala kadhaa, na mfumo unaweza kuhama wakati wowote, mara nyingi usiku wakati wa matengenezo. Kama umeingiza moja tu, siku imehama utabaki unakodolea macho hewa. Pia angalia usije ukawa umechanganya minara miwili ya mfumo huo ndani ya orodha moja. Skana inarukia ule wa mbali katikati ya mazungumzo.

Jambo jingine ambalo watu huliita "reception mbovu" na wala siyo: kwenye mfumo wa minara mingi inayojitegemea, mazungumzo ya kundi hurushwa tu na mnara ambao kuna redio ya kundi hilo imejisajili. Unaweza kuwa na mnara safi kabisa, vijiti vitano, na kundi lako lisisikike kwa sababu magari yao yote yako upande wa pili. Hapo hata ukiweka antena ya satelaiti hupati kitu.

---

#24 Binti_Mawimbi

Hoja ya Kinasa ni ya maana, ila yeye anasikia mwanzo wa maneno kisha yanakatika. Kundi lisingekuwepo, asingesikia hata "gari namba".

---

#25 Kinasa_Kimoja

Kweli. Lakini iwe kwenye orodha. Na nyingine: je, ana uhakika hasikii makundi yaliyosimbwa kwa siri? Skana nyingine huachia vile vimlio vya kukwaruza kabla ya kugundua kwamba ni siri, mtu anadhani ni mawimbi mabovu.

---

#26 Masikio_Marefu

@Kinasa_Kimoja chaneli za udhibiti nimeingiza zote nne, mnara mmoja tu. Makundi ninayosikiliza hayajasimbwa, kazini nayasikia yote.

Nimefanya majaribio jana usiku kwa daftari na kalamu. Skana imeshikilia kundi moja, dakika ishirini kila hatua:

Chaja + bila ATT: katika mazungumzo 14, yaliyoeleweka 3.
Betri + bila ATT: katika 11, yaliyoeleweka 5.
Betri + ATT: katika 16, yaliyoeleweka 11.
Chaja + ATT: katika 9, yaliyoeleweka 6.

Mniambie sasa.

---

#27 ngojanione

Huyu ni mwanasayansi. Uzi umenoga.

---

#28 Sauti_ya_Pipa

3 kati ya 14, halafu 5 kati ya 11. Chaja ina mkono wake. Nimesema.

---

#29 Mzee_Skwelchi

Na ATT imeruka kutoka 5 kati ya 11 hadi 11 kati ya 16. Mimi nimesema mapema zaidi.

---

#30 DesiBeli

Namba ni chache mno kwa chaja. Mazungumzo mawili yangegeuka, hoja yote ingegeuka. Kwa ATT tofauti ni kubwa kidogo, lakini nako sitaweka mkono motoni.

Mkuu, fanya jambo moja zaidi. Sauti ikikatika, andika ilikuwa kwenye masafa gani, skana inaonyesha. Kama inakatika daima kwenye masafa yale yale moja au mawili, kuna kitu kinaangukia juu ya hayo, uzidifu au jirani. Kama inakatika popote, sogea upande wa Binti.

---

#31 Yule_wa_Zamani

Nyinyi watoto mmezaliwa na P25. Mimi nilianza na BC235XLT, ile ya kwanza ya Uniden kuitwa TrunkTracker, mwishoni mwa miaka ya 1990. Analogi tupu. Mawimbi yakiwa mabovu ulisikia "shhhh" nyuma ya sauti, sikio lako mwenyewe likachuja, ukaelewa. Dijitali haina "shhhh". Ni peponi au jehanamu. Chaneli ya udhibiti ya Motorola ilikuwa biti 3600 kwa sekunde, ilivumilia mambo mengi. Hii ya P25 ni 9600.

Kisha Marekani wakahamisha masafa ya 800. FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ilitoa amri mwaka 2004 kwa sababu mitambo ya kampuni ya simu ya Nextel ilikuwa inawakanyaga polisi na zimamoto. Waliokuwa 866 hadi 869 wakateremshwa megahezi 15 hadi 851 hadi 854. Skana yangu ikawa inafuata namba ya chaneli ya zamani, inaruka masafa ambayo hayana mtu. Nilihangaika na antena miezi miwili! Kumbe jedwali la ndani ndilo lililopitwa na wakati.

---

#32 kimya_kimya

Mzee, hilo linamhusu mleta mada?

---

#33 Yule_wa_Zamani

Halimhusu. P25 inatangaza yenyewe mpango wa masafa kwenye chaneli ya udhibiti. Nilikuwa nasimulia tu, mjukuu.

---

#34 Panda_Shuka

Mimi sina skana, natumia kifaa cha USB cha SDR na programu ya SDRTrunk. Mwanzo ilikuwa haikamati hata chaneli ya udhibiti. Kumbe kristali inayopanga masafa ndani ya vile vifaa vya bei ya chini inaweza kukosea ppm 50, yaani sehemu 50 kwa kila milioni. Kwa 850 MHz kila ppm moja ni hezi 850, kwa hiyo 50 ni kilohezi 42.5. Nafasi ya chaneli ni 12.5. Nilikuwa nasikiliza nyumba ya nne badala ya ya kwangu! Nikaingiza marekebisho ya ppm, nikakiacha kipate joto dakika kumi kwanza, tangu hapo burudani.

Faida nyingine: unauona mwonekano wa mawimbi kwa macho. Mleta mada akikopa kimoja atajua kama kuna mlima wa simu pembeni ya chaneli yake au la. Hapo ubishi wa mzee na dada unaisha.

---

#35 Binti_Mawimbi

Hautaisha, lakini ushauri ni mzuri. Na kama ni simalkasti ataona pia dalili: chaneli ina nguvu, mshindo mkubwa, lakini makosa ya kudekodi yanapanda na kushuka akisogea hatua moja.

Hiyo inanikumbusha. @Masikio_Marefu, urefu wa wimbi hapo ni kama sentimita 35. Sogeza skana shibiri moja tu, inatosha kubadilisha mawimbi mawili kutoka kusaidiana hadi kuuana. Usijaribu chumba kingine, jaribu upande mwingine wa meza hiyo hiyo. Kisha iweke nyuma ya kitu cha chuma, kabati au jokofu, kizibe upande wa mnara mmoja. Antena ya Yagi, ile inayosikiliza upande mmoja, ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi: unauelekezea mgongo mnara usioutaka. Wengine hugundua kuwa wanapata safi zaidi wakiielekeza mbali na mnara wa karibu.

---

#36 Fundi_Risasi

Akitumia Yagi ya televisheni ailaze ubavu, vipande visimame wima. Mifumo hii inarusha wima. Ukiiacha kama ya televisheni unaweza kupoteza desibeli 20 kwa kiburi tu.

---

#37 Masikio_Marefu

Ripoti ya siku mbili, betri tu, bila ATT, meza ile ile.

Sauti imekatika mara 18. Kati ya hizo, 11 ni kwenye masafa mawili tu kati ya manane. Zilizobaki zimetawanyika.

Nikaisogeza skana hadi nyuma ya kabati la chuma, kama sentimita sitini: vijiti vikashuka hadi viwili, nikapata mazungumzo 13 mfululizo bila kukatika hata moja. Kumi na tatu! Nikaita watu waje wasikie, wakaniangalia tu.

---

#38 Mzee_Skwelchi

Masafa mawili yale yale. Uzidifu. Nimefunga jalada.

---

#39 Binti_Mawimbi

Kabati la chuma, mazungumzo kumi na tatu. Simalkasti. Na mimi nimefunga langu.

---

#40 DesiBeli

Msifunge. Kabati limefanya mambo mawili kwa pamoja: limepunguza nguvu zote na limeziba upande mmoja. Kila mmoja wenu anaweza kulidai.

Na masafa mawili pia hayamalizi. Mawimbi yanapofika kwa njia mbili, pale yanapouana panategemea masafa. Mahali ulipokaa panaweza kuwa shimo kwa 851 na pasiwe shimo kwa 853. Kwa hiyo hata hilo Binti anaweza kulidai.

---

#41 Mzee_Skwelchi

Wewe uko upande gani?

---

#42 DesiBeli

Wa desibeli.

---

#43 mchunguzi_x

Mnamzungusha mtu bure. Auze hiyo skana, achukue SDS100. Ilitoka 2018 kwa ajili ya ugonjwa huu huu, inapokea kwa njia ya I/Q (inasoma wimbi lote, nguvu na awamu yake) badala ya kutegemea kitambuzi cha FM cha zamani. Kwangu simalkasti imekuwa hadithi.

---

#44 Fundi_Risasi

Na kama shida yake ni uzidifu kama anavyosema mzee, ataibeba nyumbani skana mpya na ugonjwa wa zamani. Hizo nazo zina vichujio vya kuchagua, na watu hukesha wakibadilisha kipi ni kipi. Kabla ya kununua chochote, kabati ni la bure.

---

#45 Sauti_ya_Pipa

Na chaja nayo imesahauliwa hivyo?

---

#46 Masikio_Marefu

Haijasahauliwa. Nimebana feraiti mbili kwenye waya. Sioni tofauti, au ipo ndogo, siwezi kuapa.

Ila kuna jipya na limenikera. Tangu juzi usiku skana iko mahali pa zamani kabisa, mezani, imechomekwa, ATT imezimwa, antena ya mpira ya mwanzo. Inasikika safi. Sijagusa kitu. Nimesikiliza saa mbili nzima, nimeandika mkato mmoja tu.

---

#47 Kinasa_Kimoja

Angalia chaneli ya udhibiti iko masafa gani sasa, linganisha na yale uliyoandika mwanzo. Na angalia namba ya mnara.

---

#48 Mzee_Skwelchi

Kampuni ya simu imezima kitu kwenye ule mnara. Nakuambia.

---

#49 Binti_Mawimbi

Au mnara wa pili wa simalkasti uko kwenye matengenezo. Umenyesha hapo kwenu? Kuna miti kati yako na mnara wa mbali? Majani yaliyolowa yanaweza kumpunguza nguvu yule mvurugaji akatulia.

---

#50 Masikio_Marefu

Chaneli ya udhibiti imehama, iko kwenye mbadala wa tatu. Namba ya mnara ni ile ile. Mvua ilinyesha juzi mchana, jana jua kali. Mnara upo, taa bado inanikonyeza.

---

#51 Kinasa_Kimoja

Ilipohama, masafa ya zamani ya udhibiti yamegeuka ya sauti, na haya yametoka kwenye sauti. Je, mbadala huo wa tatu ni mmoja wa yale mawili yaliyokuwa yanakatika?

---

#52 Masikio_Marefu

Ngoja nitafute daftari. Mtoto amechorea juu yake.

---

#53 kuku_wa_kisasa

Wakuu samahani kwa kuingilia, mimi skana yangu ni ya analogi na huu mfumo wa P25 nausikia kama mashine ya kusaga. Nikiongeza antena nitasikia sauti?

---

#54 Fundi_Risasi

Utasikia mashine ya kusaga kubwa zaidi.